Maharagwe Mazito kwa Wali, Kijiko Kimoja tu cha Mafuta

Nilipohamia Nakuru kutoka Kisumu, kitu cha kwanza kunishinda kilikuwa maharagwe. Nyumbani Migosi nilikuwa nateleka sufuria saa kumi jioni, na saa kumi na mbili tunakula. Jioni yangu ya kwanza hapa Section 58, saa mbili usiku bado nilikuwa nimesimama mbele ya jiko, nabonyeza punje moja baada ya nyingine kwa kijiko, na zote zinakataa. Nikalala na mkate na chai.

Kesho yake nikarudi sokoni kumlalamikia mama aliyeniuzia. Hakukasirika. Aliendelea kupepeta tu, kisha akaniuliza, "Customa, ulikuwa umeloweka?" Sikuwa nimeloweka. "Na nyanya ulitia saa ngapi?" Nyanya nilitia mwanzoni, pamoja na maharagwe, kama nilivyozoea. Akacheka kwa sauti hadi jirani yake wa viazi akageuka kuangalia. "Hapa si Kisumu, mama. Hapa ni juu."

Alikuwa na haki. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama mita 1,130. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo: Kisumu yanachemka karibu nyuzi 96, Nakuru karibu 94. Nyuzi mbili zinaonekana si kitu, lakini maharagwe yanazisikia. Ukiwa Eldoret, ambako ni juu zaidi, yatakusumbua zaidi. Nyakati zote nitakazotaja hapa ni za jiko langu la Nakuru. Wewe wa Kisumu au Homa Bay punguza robo saa hadi nusu saa.

Sababu ya pili ya kuandika haya ni baba. Kliniki walimwambia apunguze mafuta, na mama, kwa kutii, akaanza kumpa maharagwe yaliyochemshwa na chumvi basi: maji mekundu, punje zinaelea. Baba alikula siku tatu. Siku ya nne akasukuma sahani akasema hiyo ni chakula ya wadi. Kwa hiyo nilikuwa natafuta sufuria ya maharagwe ambayo ni mizito na laini, inayoshika wali badala ya kukimbia hadi ukingo wa sahani, na ambayo haikupata utamu wake kwenye chupa ya mafuta.

Uzito unatoka wapi

Unatoka kwenye maharagwe yenyewe. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina mafuta kama gramu 1 tu. Kilichobaki ni wanga, protini, nyuzinyuzi na maji, na wanga huo ukitoka ndani ya punje ukachanganyika na supu ndio unaoleta ule mchuzi wa rojo. Mafuta unayoyaona yakielea juu ni yale uliyomimina wewe. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi, na mkono wa kawaida ukiinamisha chupa juu ya sufuria unamimina vitatu au vinne kabla kitunguu hakijalia. Watu wa Pwani wanaleta uzito kwa tui, na siwezi kulisema vibaya tui, lakini tui zito karibu moja ya tano yake ni mafuta.

Jirani yangu wa hapa ni mama wa kutoka Vihiga. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba jambo hili kwao ni la zamani. Mushenye ni nini, kama si maharagwe yaliyopondwa na viazi vitamu mpaka yakawa kitu kimoja laini? Hakuna mtu anayekula mushenye akalalamika kuwa imekosa mafuta. Nilichofanya mimi ni kuchukua ule mkono wa kuponda nikauleta kwenye mchuzi.

Kununua

Kwa mchuzi mzito mimi nachagua rosecoco, yale yenye madoadoa mekundu, au ya njano. Yote mawili yana nyama laini inayopondeka. Wairimu, yale madogo mekundu, ni matamu kwenye githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, au nyoyo kama tunavyoiita kwetu, lakini punje zake hushika umbo, na utatumia nguvu kuyaponda. Ukipata Nyota, aina iliyotolewa na watafiti wa kilimo wa KALRO, chukua: yanaiva haraka na yana madini ya chuma na zinki kwa wingi.

Muhimu kuliko aina ni umri. Maharagwe yaliyokaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu hukakamaa kwa ndani, na hayo hata ukiyachemsha mpaka gesi iishe hayawi laini sawasawa. Kuyajua si kazi. Rosecoco mapya yana rangi ya krimu inayong'aa kati ya madoa. Ya zamani hiyo krimu hugeuka kahawia kama chai iliyomwagikia kitambaa. Chukua punje moja, iume kwa jino la mbele. Mpya huacha alama ya jino. Kuukuu hupasuka kwa mlio, au hukupa kazi ya kutafuta daktari wa meno. Usione haya kumuuma mtu maharagwe yake mbele yake, wauzaji wenyewe ndivyo wanavyojaribu wakinunua kwa gunia. Na usikubali kuchanganyiwa ya mwaka jana na ya mwaka huu kwenye gorogoro moja: mapya yataiva na kupasuka huku makuukuu yakibaki mawe, na hutaweza kuyatenganisha.

Mchele chagua unavyoweza. Pishori ya Mwea ina harufu yake na bei yake. Mimi wa Kisumu nimelelewa na mchele wa Ahero, unaolimwa pale Kano karibu na mji, na kwa mchuzi mzito namna hii naona unatosha kabisa, kwa sababu harufu ya kitunguu na dania itatawala sahani.

Kwa watu wanne au watano andaa hivi:

Maharagwe makavu vikombe 2 (kama gramu 400)
Mchele vikombe 2
Vitunguu vyekundu 2 vikubwa
Nyanya 3 zilizoiva sana
Karoti 1
Kitunguu saumu punje 3, na tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba
Nusu ya pilipili hoho
Binzari ya manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai
Mafuta ya kupikia kijiko 1 cha chai. Cha chai, si cha supu, na kipime kweli
Maziwa nusu kikombe, yaliyoondolewa utando
Dania kishada kimoja, chumvi, ndimu

Maziwa hayo: chemsha maziwa ya kawaida usiku, yaache yapoe bila kuyakoroga, weka mahali pa baridi. Asubuhi ule utando mzito ulioganda juu uondoe kwa kijiko, wape watoto kwenye mkate. Kinachobaki kina mafuta kidogo zaidi kuliko mwanzo, na hujanunua pakiti maalumu ya dukani.

Usiku wa kuamkia

Chagua maharagwe kwenye sinia. Hata yale ya pakiti yana vijiwe. Osha mara mbili, kisha loweka kwenye maji ya kutosha, lita 2 hivi, kwa usiku mzima au angalau saa nane. Yatavimba karibu mara mbili, kwa hiyo usitumie bakuli dogo.

Nimekua nikiambiwa chumvi hufanya maharagwe kuwa magumu. Kwenye maji ya kuloweka, ni kinyume. Kijiko kikubwa kimoja cha chumvi katika zile lita 2 husaidia maganda kulainika, kwa sababu sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu ambazo ndizo hukaza ganda. Asubuhi unamwaga maji hayo na kusuuza. Ila chumvi kidogo hubaki ndani ya punje, kwa hiyo kwa mtu wa presha kama baba mimi naloweka kwa maji matupu, kisha navumilia dakika ishirini zaidi jikoni.

Maji ya kuloweka yamwage, hata kama yana rangi nzuri. Humo ndimo ilimoingia sehemu ya zile sukari ambazo tumbo haliwezi kuzisaga na ambazo huishia kuwa gesi. Ukiyapikia, usilaumu kiti.

Na magadi? Najua kuna sufuria nyingi magharibi zisizoiva bila kipande cha magadi, na kwa Waluhya kuna musherekha, ile chumvi ya majivu. Vyote hufanya kazi ileile ya kulegeza ganda. Lakini magadi yakizidi kidogo tu supu inanuka sabuni, yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharagwe, na yanaongeza sodiamu ambayo mwenye presha haihitaji. Ukiwa umeloweka, huyahitaji. Nikikuta maharagwe makuukuu kabisa natia kama ncha ya kisu, si zaidi, na siku hiyo simwaliki mtu.

Kuchemsha

Tia maharagwe kwenye sufuria nzito, mimina maji mapya hadi yapite juu yake kwa vidole vinne, washa moto mkubwa. Yakianza kutokota, povu la kijivu litapanda. Liondoe kwa upawa. Kwa dakika thelathini za kwanza moto uwe mkali na maji yawe yanaruka kweli, si kutabasamu.

Hizo dakika thelathini si mapambo. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili aina ya lektini, ambayo yakiliwa mabichi au nusu mabichi humtapisha mtu na kumwendesha ndani ya saa chache. Kuchemsha kwa nguvu huiua. Moto hafifu usiofika kuchemka hauiui. Nasema hivi kwa ajili ya wale wenye kapu la kupikia, lile la blanketi na matambara ambalo unafunikia sufuria moto ikaiva yenyewe. Kapu ni zuri, linaokoa makaa, nami nalitumia. Lakini chemsha kwanza nusu saa kamili, ndipo ufunike kwa saa tatu au nne, na ukifunua chemsha tena kabla ya kuendelea.

Baada ya nusu saa punguza moto, funika sufuria ukiacha mwanya, uache yatokote polepole. Mimi huwa natia hapa robo ya kitunguu na mabua ya dania yaliyofungwa kwa uzi, ambayo nitayatoa baadaye. Maji yakipungua ongeza ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Ya baridi yanasimamisha upishi na unaanza upya. Usikoroge kila saa. Na nyanya, ndimu, siki, chochote kichachu, kisikaribie sufuria hii bado: asidi hukaza ile gundi inayoshikanisha ndani ya punje, na ndiyo iliyonilaza na mkate na chai. Maji ya kisima ambayo sabuni haitoi povu yana tabia hiyohiyo. Kama unayo ya mvua, tumia ya mvua.

Kwangu, yaliyolowekwa huchukua saa moja na nusu kwa jumla. Ukiwa na sufuria ya presha, maharagwe na maji visizidi nusu ya chombo, kwa maana povu huziba tundu la mvuke. Dakika ishirini hadi ishirini na tano baada ya kuanza kupiga mluzi, zima, uiache ishuke yenyewe. Kwa meko ya gesi ya kilo 6 ningekushauri presha au kapu. Saa moja na nusu ya gesi kwa sufuria moja ni kutafuta ugomvi na mwenye kulipia.

Sasa jaribu. Usitoe punje moja ya juu ukasema yameiva. Toa tano, kutoka juu, chini na pembeni. Weka moja kati ya ulimi na kaakaa, bonyeza bila kutumia jino. Ikiyeyuka kama kiazi kitamu, tayari. Ukisikia chenga ndani, hata ndogo, ongeza robo saa. Hapa watu wengi wanakosa subira, na hakuna kitu utakachofanya baadaye kitakachorekebisha. Chenga hiyo ukiiponda inabaki chenga, na badala ya mchuzi laini unapata kitu kama mchanga wa ziwa.

Kuponda

Vikombe viwili vya maharagwe makavu vinakupa kama vitano na nusu yakiiva. Toa vikombe viwili pamoja na supu kidogo, weka kwenye bakuli la kina. Jirani yangu anatumia mwiko na upande wa sufuria. Mimi natumia kikombe cha bati: nakikamata kama muhuri wa posta na kugonga kwa kitako chake, nikizungusha bakuli. Zile za mwanzo zitakuteleza. Ukifika katikati, ongeza supu vijiko viwili, endelea. Baada ya dakika tano hivi rangi itabadilika, kutoka nyekundu ya kutu kuwa ya waridi iliyopauka, na kikombe kitaanza kunata na kutoa mlio wa kunyonya ukikiinua. Hapo umefika.

Ukitaka laini zaidi, pitisha kwenye chujio pana na uache maganda. Wageni wangu hupenda hivyo, mimi sipendi kutupa maganda yenye nyuzinyuzi. Blenda pia inafanya kazi, lakini acha yapoe kwanza, mvuke utakurushia kifuniko hadi darini. Na usiyaponde yote. Ninayoyapenda kwenye sahani hii ni kukutana na punje nzima ndani ya ule urojo. Yakisagika yote unakula uji wa maharagwe kwa wali.

Kuunga bila kumimina

Hapa ndipo chupa ya mafuta huwa inafanya kazi ambayo supu ingeweza kuifanya. Pasha sufuria nyingine, tia kile kijiko cha chai cha mafuta, kizungushe hadi kipake chini yote. Tia vitunguu vilivyokatwa vyembamba na chumvi kidogo sana, ile ya kubana kwa vidole viwili, ili kitunguu kitoe maji yake. Koroga, funika dakika tatu.

Ukifunua utaona vimelegea na vinaanza kushika chini. Usishtuke, usikimbilie mafuta. Mimina vijiko viwili vikubwa vya supu ya maharagwe pale vilipogandia. Itachacharika, ukwangue kwa mwiko, ile rangi ya kahawia ipande kwenye vitunguu. Subiri ikauke na kushika tena. Rudia. Mara tatu au nne, kama dakika kumi na mbili kwa jumla, na vitunguu vitakuwa na rangi ya asali, vimeshikana, vitamu. Ni kazi ya kusimama pale pale. Ukienda kujibu simu vitaungua, na uchungu wa kitunguu kilichoungua hauondoki.

Tia tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, koroga nusu dakika, kisha binzari na bizari. Nyanya zikwaruze kwenye kwaruzo ili maganda yabaki mkononi, mimina, tia na karoti iliyokwaruzwa. Karoti itayeyuka, itaongeza uzito na kuua ukali wa nyanya. Hoho katakata ndogondogo uitie pia. Pika mpaka mwiko ukiupitisha chini uache njia inayochelewa kufunga. Kwa nyanya za maji ni dakika kumi hivi. Nyanya isipoiva hapa, mchuzi mzima utakuwa na ule ukali wa haraka haraka wa kibanda cha mchana.

Nakuambia pia kwa nini siondoi kile kijiko kimoja cha mafuta kabisa, ingawa ningeweza: rangi ya manjano ya karoti, ambayo mwili huigeuza vitamini A, hupokelewa vizuri panapokuwa na mafuta kidogo. Na kitunguu kinanukia. Basi.

Sasa maharagwe mazima yaingie, yafuatwe na yaliyopondwa, na supu kiasi cha kikombe kimoja na nusu. Mwanzo utaona ni maji. Acha. Moto mdogo, bila kifuniko, dakika ishirini. Ukikoroga, mwiko uguse chini, wanga hupenda kushika pale na kuungua kimyakimya. Chumvi onja sasa, si kabla. Viungo vya pakiti sitii, pakiti nyingi zina chumvi nyingi kuliko ladha.

Mchuzi ukianza kutoa mapovu mazito yanayopasuka polepole kama uji, epua. Subiri dakika tatu. Chukua maziwa, yachanganye kwenye kikombe na vijiko vitatu vya mchuzi moto ili yazoee, ndipo uyamimine sufuriani ukikoroga. Ukiyamimina ya baridi kwenye mchuzi wa nyanya unaotokota yatakatika, na utapata chembe nyeupe zinazoelea. Yanalika, lakini mtu akiuliza ni nini huna jibu zuri. Usirudishe motoni hadi kuchemka. Dania juu, funika.

Rangi itakuwa ya udongo mwekundu uliochanganywa na maziwa. Ukiinamisha upawa, mchuzi ushuke kama kitambaa, si kama maji.

Wali

Wenyeji wa Nakuru tutauita mchele hata ukiwa umeiva, Mungu atusamehe. Anza wali wakati maharagwe yanamalizia zile dakika ishirini. Osha mara tatu mpaka maji yapungue weupe, loweka robo saa, chuja. Hakuna kukaanga mchele. Chemsha maji vikombe vitatu na nusu kwa vikombe viwili vya mchele (huku juu, kama ni mchele wa mwaka uliopita, fikisha vinne), tia chumvi na iliki mbili zilizopondwa. Ukipenda, badili kikombe kimoja cha maji kwa supu ya maharagwe iliyobaki. Wali utakuwa wa waridi, na watoto ama watashangilia ama watagoma.

Maji yakichemka tia mchele, koroga mara moja tu, funika. Yakikaribia kukauka punguza moto kabisa. Kwenye jiko la makaa toa makaa mengi chini, uweke machache juu ya kifuniko. Dakika kumi na mbili, kisha epua na uache umefunikwa dakika kumi. Usifunue kuchungulia.

Kupakua

Wali upande mmoja, maharagwe upande mwingine, yagusane katikati. Ukihesabu kile kijiko cha mafuta, maziwa, mchele na maharagwe yenyewe, sahani moja ina mafuta kama gramu 3. Protini ya maharagwe na ya wali zinajaziana pia: kile ambacho wali umepungukiwa, kijenzi cha protini kiitwacho lisini, maharagwe yanacho kwa wingi.

Kamulia ndimu kwenye sahani, au weka kachumbari pembeni. Vitamini C inausaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe. Chai inafanya kinyume, kwa hiyo chai isubiri saa moja hivi. Hili baba alilipinga kuliko suala la mafuta. Ukiongeza parachichi, kumbuka nalo ni mafuta, hata kama ni mazuri. Mimi humwekea vipande viwili na kujifanya sikuona akichukua cha tatu.

Yakibaki

Yaliyobaki yapoe haraka. Wali hasa: kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, na wali ukilala mezani usiku kucha wanazaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia upoe, uingie friji kabla saa mbili hazijapita. Kama huna friji, pika wali wa kula na kumaliza. Maharagwe kwa joto la Kisumu huchacha kabla ya asubuhi. Ukijua yatabaki, gawa sufuria kabla ya kutia maziwa, kwa kuwa yenye maziwa huharibika kwanza. Kwenye friji yanakaa siku tatu.

Asubuhi utayakuta yameganda kama ugali laini. Usidhani yameharibika, ni ule wanga. Ongeza robo kikombe cha maji moto, pasha kwa moto mdogo ukikoroga mpaka yachemke kabisa, kisha ndipo utie maziwa ya siku hiyo. Kama kuna chapati ya jana kwa jirani, huu ndio wakati wa kubisha hodi.